Magurudumu Manne Kati ya Columbus na Buffalo

Gari langu la kwanza Marekani lilikuwa saluni ndogo ya kijivu, ya chini kiasi kwamba nikishuka nilihisi kama ninayeinuka kutoka mkekani. Nililipata Louisville nilipokuwa nikisomea tiba ya viungo. Huko majira ya baridi huja kwa kubahatisha. Asubuhi mvua inaganda kwenye matawi, kufika mchana jua limetoka na wanafunzi wanazunguka na kaptura. Miaka yote ya masomo sikuwahi kujiuliza ni magurudumu yapi yanayolivuta gari langu. Lilikuwa linakwenda, basi.

Columbus ndiko nilikoanza kujiuliza. Kazi niliyopata ilikuwa ya barabarani: niliwatembelea wagonjwa majumbani, wengi wao wazee waliopasuliwa nyonga au goti, nikawafundisha kutembea upya. Asubuhi nilikuwa Westerville, mchana Reynoldsburg, kisha narudi Northland, kwenye nyumba niliyopanga karibu na Morse Road. Na kila mwisho wa juma nilipoweza, nilikwenda Buffalo, kwa sababu mume wangu alikuwa Buffalo.

Tulioana Louisville, sote tukiwa tumetoka Kenya kuja kusoma. Yeye alipata kazi ya uhandisi wa madaraja Buffalo wakati mimi nimeshaweka sahihi yangu Columbus. Tukaambiana ni kwa muda tu. Kati ya miji hiyo miwili ni karibu siku nzima ya kuendesha ukiwa mwoga kama mimi: unapanda hadi Cleveland, halafu unafuatana na ziwa mpaka unachoka kuliangalia.

Majira ya baridi ya kwanza, mahali fulani kando ya ziwa, saluni yangu ilipoteza barabara. Hakukuwa na kelele yoyote. Usukani ukawa mwepesi mkononi, dunia ikazunguka taratibu, na niliposimama nilikuwa natazama nilikotoka. Magari yaliyokuwa yakija yalinipita pembeni moja baada ya jingine, madereva wakinitupia jicho. Niligeuza, nikaendelea na safari, sikujua la kufanya jingine.

Mume wangu alilizunguka gari akiwa na kikombe cha chai mkononi, akainama kutazama bampa.

"Mbona halina hata mkwaruzo," alisema.

"Mimi ninao."

Alicheka. Alidhani nimefanya mzaha.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutazama magari. Si magari yote. Nilitafuta yale yasiyo saluni wala jipu: mafupi, yaliyoinuka kidogo kutoka ardhini, yenye mlango mpana nyuma, na ambayo nguvu ya injini inafika magurudumu yote manne. Nilipokuwa namhesabia mgonjwa hatua zake sebuleni, jicho langu lilikuwa dirishani kwenye gari la jirani yake. Kanisani nilichelewa kuingia kwa sababu ya maegesho. Nilichungulia chini ya magari ya watu hadi siku moja mwenye gari akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyefanya kazi kwenye ghala la nguo, alikuwa na gari la aina hiyo. Lake lilikuwa la bluu, la zamani, lenye viti vya watoto viwili nyuma na makombo ya mikate kila mahali. Asubuhi moja ya Jumamosi, theluji ikiwa bado haijakwanguliwa, alinikuta nalitazama.

"Dada, unaangaliaka gari yangu kila siku. Bon, ingia, uendeshe."

"Sasa hivi?"

"Donc unangojea jua? Njo, kamata usukani."

Tulipanda na kushuka mteremko wa nyuma ya maduka ya Morse Road, mimi nikikanyaga mafuta kwa hofu, yeye akinicheka. Gari lile lilikuwa zito. Injini ilinguruma sana kwa kazi ndogo, na jirani yangu alikiri kwamba linakunywa mafuta kama lina kiu ya kudumu. Lakini magurudumu yake manne yalivuta pamoja wakati wote, hayakungoja mpaka mambo yaharibike. Vioo vilikuwa vikubwa, nikaona barabara yote mpaka pembeni. Nilipofika juu ya mteremko sikutaka kushuka.

Pamoja na hayo, gari nililonunua lilikuwa jingine. Nilinunua jekundu, la Kijapani kama lile la jirani, jepesi, lililokata kona za Westerville kama linanisoma mawazo. Hilo lilivutwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma yaliamka pale ya mbele yalipoanza kuteleza. Muuzaji aliniambia kwamba sitaona tofauti. Niliiona. Kulikuwa na nukta ndogo, fupi kuliko kupepesa jicho, ambapo gari lilikuwa bado linafikiri, na katika nukta hiyo nilirudi ziwani. Tena milango ilikuwa myembamba, upepo wa barabara kuu uliimba masikioni, na fremu za kutembelea za wagonjwa wangu ziliingia buti kwa kulazwa upande.

Wakati mmoja likiwa gereji nilipewa la Kikorea la kutumia. Usukani wake ulipashwa moto, na asubuhi ya kwanza nilikaa maegeshoni bila kwenda popote, viganja vimetulia juu yake. Lilikuwa kimya kama chumba cha wageni. Lakini dirisha la nyuma lilikuwa dogo kama la bafu, na kila nilipobadili njia liliniletea kengele ya kunionya. Nililirudisha nikiwa nimelipenda na kulichoka.

Mwisho niliuza jekundu nikachukua la kijani, ndugu wa lile la jirani yangu, jipya zaidi. Baada ya majuma mawili nikaanza kulitamani jekundu. Habari zote hizi nilimpelekea mume wangu kwa simu: matairi ya theluji dhidi ya yale ya majira yote, kimo kutoka ardhini, chumvi ya barabarani inavyokula chuma. Alisikiliza kwa uvumilivu. Mara nyingine alituma picha za magari aliyoyaona Buffalo, yamefunikwa theluji mpaka huwezi kujua ni aina gani, na kuniuliza, "Hili je?"

Novemba mama mkwe wangu alikuja kututembelea kutoka Kakamega. Mimi ni Mkamba, yeye Mluhya, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa chetu. Ndege yake ilimshusha Columbus. Nilikaa naye siku chache, jirani yangu akamletea sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kisha tukaondoka alfajiri kwenda Buffalo, yeye amevaa koti la zamani la mwanawe lililomfika magotini na leso begani juu yake.

Cleveland kulikuwa na jua. Mama alisifu barabara, akasifu gari, akauliza kwa nini hakuna watu wanaotembea kwa miguu. Tulipoipita Cleveland na kukaribia Buffalo, upande wa ziwa kulisimama ukuta mweupe kutoka majini hadi mawinguni.

"Ule ni moshi?" aliuliza.

"Ni theluji, Mama."

"Na sisi tunaelekea huko huko?"

Tuliingia. Kwa muda gari lilinifurahisha mno. Saluni zilikuwa zimelala kwenye mitaro, pua chini, na sisi tulizipita wima. Nilimweleza mama jinsi magurudumu manne yanavyosaidiana, nikamweleza tofauti na lile jekundu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mguu wangu ulivyozidi kuelemea mafuta. Kisha taa nyekundu zikajaa mbele yetu.

Nilikanyaga breki. Kanyagio likatetemeka chini ya kiatu, na magurudumu yote manne yakateleza kwa pamoja, kwa usawa kamili. Lile jambo nililokuwa nimelisoma mara nyingi, kwamba gari la namna hii linasaidia kuondoka lakini halisaidii kusimama, lilinijia sasa kama habari mpya. Nilizungusha usukani kuelekea pembeni ambako theluji ilikuwa laini. Gari likazama humo hadi bampa, likatulia.

Mama alikuwa ameshika leso yake kwa mikono miwili. "Tumefika?" alisema.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Hakunigusa wala kunibembeleza. Alingoja.

Mbele, lori lilikuwa limelala likafunga njia zote. Tulikaa pale kuanzia kabla ya adhuhuri hadi alasiri. Kila baada ya muda nilitoka na sahani ya plastiki kuchimba theluji kwenye bomba la moshi, maana likiziba, sumu inarudi ndani. Mara ya tatu mama alitoka naye, amejifunga leso kichwani, akaninyang'anya sahani.

"Mimi nimelima maisha yangu yote," alisema. "Hiki nacho ni kitu gani?"

Aliporudi ndani, akipuliza vidole, aliniuliza kama njia hii naipita mara kwa mara.

"Kila ninapopata nafasi."

"Na yeye huja kwako?"

"Mara chache. Gari lake halifai theluji. Na kazi yake ni nyingi."

Alitazama kioo kilichokuwa kinafunikwa. Waipa zilikwangua, kikafunikwa tena.

"Baba yake alikuwa bandarini Mombasa, mimi Kakamega na watoto," alisema. "Akija likizo nilimweleza habari za ng'ombe. Huyu amezaa, huyu anachechemea, yule hataki kukamuliwa. Tangu anakunywa chai mpaka analala, ni ng'ombe. Akawaambia watu mke wake anapenda ng'ombe kupita kiasi. Akaninunulia mwingine."

"Hukuwapenda?"

"Ng'ombe?" Alinigeukia. "Nilikuwa nataka aniulize mimi ninachechemea wapi."

Nilikuwa nimekaa naye siku zile zote nikimweleza matairi.

"Alikufa bila kuniuliza," aliendelea, sauti ile ile ya kawaida. "Na mimi nikabaki na hasira na mtu ambaye sikumwambia. Wewe mwambie huyo mwanangu. Ni mtu mzuri, lakini usipomwambia hajui. Ni kama baba yake."

Alasiri barabara ilifunguliwa njia moja. Gari la kijani lilijitoa kwenye theluji bila msaada, kwa kurudi nyuma polepole, na siwezi kukana kwamba nililisifu kimoyomoyo. Tulifika mume wangu akiwa nje na koleo, anakwangua mlangoni. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Mama alikwenda kuoga, na ninaamini alioga kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Jikoni nilimwambia mume wangu. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema siipiti tena barabara ile majira ya baridi, si na gari hili wala na jingine lolote. Nilisema kwamba tangu nilipoteleza mwaka ule naendesha nikiwa nimeuma meno, na kwamba Ijumaa ikikaribia silali.

Aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika.

"Nilidhani unaipenda," alisema. "Kila ukipiga simu ni magari. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, mke wangu anapenda kuendesha."

"Nilikuwa natafuta gari ambalo litanizuia kuogopa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema nina mkwaruzo."

Alikumbuka. Niliona usoni kwamba amekumbuka, na kwamba kile kicheko kinamrudia. Hakujitetea. Alisema hawezi kuondoka kazini kabla ya daraja lile kukamilika, lakini kuanzia sasa yeye ndiye atakayekuja. Siku niliyorudi alinipeleka kituo cha mabasi, gari la kijani likabaki kwake, na mimi nikaenda kutumia saluni yangu ya kijivu niliyokuwa nimemwachia mwenzangu wa kazini mjini Columbus.

Alikuja majira yale yote. Mara ya pili alifika Northland uso umempauka, akakaa kitandani na koti lake, akasema tu, "Kumbe." Nilimpashia chakula. Mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda kwao, akiwa amebeba matairi mawili ya baiskeli ya mjukuu wake wa Kakamega na sufuria moja, na maswali yake kwenye simu yalikuwa ya moja kwa moja: amekuja, hajaja?

Kiangazi, daraja lilipokamilika, alipata kazi Columbus, akahamia. Juma la kwanza tulikuwa na furaha ya watu wanaofungua mizigo. La pili, mchana mmoja wa Jumamosi, tuligombana juu ya mahali pa kuweka kabati lake la vitabu, jambo dogo kabisa, na nikajikuta nimechukua funguo.

Nilipita Morse Road yote, nikapita vituo vya basi na duka tunalonunua unga, nikashika njia ya kaskazini, ile ya Cleveland, bila kuamua. Ilikuwa kavu, jua kali, gari lolote lingetosha. Mguu ulikuwa unajua njia. Nilikuwa nimeshapita mitaa ya Westerville ndipo simu ilipolia.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Sijui. Naendesha."

"Unaogopa?"

Ilibidi nifikirie. "Hapana. Sijazoea kukaa tu."

"Mimi pia," alisema. "Nimekaa dirishani hapa tangu umetoka. Geuza, unichukue, twende wote."

"Twende wapi?"

"Wewe njoo kwanza."

Nilitoka barabara kuu kwenye njia iliyofuata, nikazunguka chini ya daraja, nikarudi kumchukua.