Sentensi Nne za Jumapili ya Watoto

Juzi nilipohubiri katika kanisa la Matungu, kijana aliyenitafsiria alikuwa mwaminifu: nikisema sentensi moja, naye anasema moja. Nikamkumbuka Kukhu, nyanya yangu.

Nilikuwa mtoto, na ilikuwa Jumapili ya watoto, katika kanisa hilohilo. Siku hizo miwa haikupumzika. Matrekta yalinguruma nje, na harufu nzito ya molasi ilitufikia hadi ndani. Nilisimamishwa juu ya kiti nihubiri. Nililelewa mjini, Kiluhya changu kilikuwa cha kuomba maji tu, kwa hiyo Kukhu alisimama kando yangu kutafsiri.

“Mungu anawapenda wakata miwa,” nikasema.

Kukhu akaanza, akaendelea, mpaka kina mama wakafuta machozi kwa leso. Nilingoja kwa fahari, nikidhani Kiluhya ni lugha inayohitaji maneno mengi.

“Umemaliza, Kukhu?” nikamnong’oneza.

“Bado. Sema lingine, mama.”

Nilisema sentensi nne. Kukhu alihubiri saa nzima. Sikujua kwamba wanawake hawakuruhusiwa kuhubiri pale, kutafsiri tu.

Sasa mchungaji wa pale ni mimi. Na kila nikimaliza sentensi hunyamaza kidogo, nimpishe Kukhu.