Mama Aliyezikwa Angali Hai

Nimehukumu katika baraza la wazee wa kanisa letu kwa miaka mingi, wala sijapata kuona haya kwa ukali wangu. Uongo ni uongo. Ndivyo nilivyoamini hata Jumamosi ile mchana, nyumbani kwetu Apple Valley, Marekani, mimi na mke wangu tukitazama tamthilia ya Kiingereza ya mpelelezi wa zama za vita.

Muuguzi mmoja alikuwa amemficha askari mtoro, na kwa uongo wake jirani asiye na hatia akatiwa ndani. Mpelelezi amekwisha kujua. Mabomu yanaanguka, wodi imefurika majeruhi, na muuguzi ni huyo huyo mmoja. Nikasimama.

"Mkamate!" nilimwamuru mpelelezi.

"Keti, mzee, unaniziba," mke wangu alisema. "Na hao majeruhi utawafunga vidonda wewe?"

Mpelelezi hakumsamehe, wala hakumtia pingu. Alimfungulia jirani, kisha akamwambia muuguzi amalize zamu, halafu aje kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Nilipiga makofi! Vitabu vyangu vyote vya maadili havikuwa vimenionyesha njia hiyo.

"Na yule mama wa kesho?" mke wangu aliuliza.

Kesho yake, kabla ya ibada, baraza lingemhukumu mama mmoja Mkongomani, mwalimu wa shule ya Jumapili. Bibi jirani aliyembeba mgongoni walipokimbia vita alikuwa amefariki. Kazini kwake, katika nyumba ya kutunza wazee, ruhusa ya msiba ilikuwa ya kufiwa na mzazi tu. Basi akasema amefiwa na mama yake. Wakamletea maua. Miezi minne baadaye mama yake huyo akashuka kwenye ndege, mzima, akaja kanisani, akacheza pambio mstari wa mbele. Nyuma yake aliketi Mkenya mmoja, mwenzake wa kazini, aliyekuwa amembebea zamu tatu za msiba huo huku mwanawe akiungua homa. Ndiye aliyeshtaki.

Hukumu nilikuwa nimekwisha kuiandika: aondolewe darasani. Jumapili asubuhi, mbele ya baraza, niliiacha mfukoni.

"Utamfanyia mwenzako zamu tatu," nilimwambia mwalimu huyo, "na mkubwa wako utamwambia ukweli, hata akikufukuza."

"Shefu niliisha mwambia, papa. Jana."

"Akasemaje?"

"Atanijibu kesho. Aliuliza kama nitarudisha maua."

Wazee waliangua kicheko. Mshtaki alijitahidi kununa, akashindwa.

"Zamu nazitaka," alisema. "Zote tatu. Na ziwe za wikendi!"

"Sawa, dada. Nisamehe." Kisha mwalimu akanigeukia, na macho yake hayakuwa na kicheko tena. "Na batoto, papa? Darasa unaninyanganya?"

Wazee wote walinitazama. Kupitia ukutani tulisikia watoto wakigombania viti.

"Umechelewa dakika tano," nilimwambia. "Nenda ukafundishe."