Msaragambo Ambao Hakuna Aliyeuita

Sikulazimishi uniamini. Wapo waliosema niliota, na mchungaji wetu alisema huzuni humwonyesha mtu mengi. Lakini siku ile sikuwa na huzuni. Mume wangu alikuwa hai, uji ulikuwa motoni, na kulikuwa kumekwishakucha. Nitakusimulia nilichokiona kwa macho haya, na nisichokijua nitasema sikijui.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, huku milimani juu ya Makanya, tangu kabla ya Uhuru. Wenzake walihamishwa, yeye akabaki. Alimfundisha baba, akaja kumfundisha na mtoto wa yule baba. Hata mimi nilimwita Mwalimu ndani ya nyumba yetu, naye aliniita mama Nakijwa, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Ndungu. Kila mwaka aliwaambia watoto maneno yaleyale: ukisoma, jembe litakuwa chombo chako, halitakuwa bwana wako. Miaka ya Ujamaa ilipofika, shule ikawa na shamba lake na watoto wakawa wanalima kabla ya hesabu. Alilima nao, na maneno hakuyabadilisha. Aliyaamini kabisa.

Sasa, kwetu Upareni tuna msaragambo. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, tukatengeneze njia, au mfereji, au ndiva, yaani lile bwawa la udongo tunalokusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Na pembe ikilia hakuna anayeuliza nani amepiga. Anayeuliza huhesabiwa mvivu anayetafuta sababu, na watu watamcheka mpaka watoto wake mwenyewe wamcheke.

Asubuhi ile ya kipupwe ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Pembe ikalia upande wa ndiva ya zamani, ile iliyobomoka ikaachwa. Niliisikia na mimi, si yeye peke yake. Mwalimu akauacha uji, akachukua jembe. Nikamwambia kwamba mkutanoni jana hakuna aliyetangaza kazi. Akanijibu kuwa mwalimu akichelewa, kijiji kizima kitajifunza kuchelewa. Basi nikachukua jembe langu nikamfuata, maana ukungu ulikuwa mzito na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Njiani hatukukutana na mtu. Je, hilo halikunishtua? Lilinishtua kidogo. Lakini tulipokaribia niliona watu wengi wamejipanga kwenye ukingo wa ndiva, wanachimba na kupokezana udongo. Nilisikia majembe tu. Msaragambo usio na wimbo wala utani, wewe umeuona wapi?

Kijana mmoja akainua uso. Alikuwa Elisante. Huyu alimaliza shule akiwa wa kwanza darasani, akakosa nafasi ya sekondari, akaenda kukata mkonge bondeni, akafia hukohuko. Matanga yake nilikwenda. Mama yake nilimsaidia kupika. Niamini, nilimtazama vizuri kabla ya kukubali kwamba ni yeye.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

"Marahaba, Elisante." Mume wangu aliitikia kama anavyoitikia kila siku.

"Leo umechelewa wewe. Sasa tukupigishe magoti mbele ya ubao?"

Wakacheka wote, kicheko cha darasa, na Mwalimu naye akacheka. Ndipo nikaanza kuwatambua wengine. Namkunda alikuwepo, msichana aliyetolewa shuleni akaozwa, ingawa Mwalimu alikwenda mara nyingi kumsihi baba yake. Alikufa akijifungua. Nyuma yake kulikuwa na sura nyingine nilizozifahamu tangu zikiwa za watoto. Wote walikuwa wanafunzi wake. Wengine tuliwazika sisi, wengine tulipata habari tu kwamba wamezikwa mbali.

Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwamba twende zetu, hawa si watu wa kukaa nao. Sijui kama alinisikia. Alishuka kwenye tope, akasimama kati ya Elisante na Namkunda, akaanza kuchimba.

Elisante akamuuliza, kwa adabu, kama mtoto aliyenyoosha kidole. "Mwalimu, mimi nilisoma kama ulivyotuambia. Mbona bado nachimba?"

Mwalimu aliinama, akaendelea kuchimba.

"Na kazi yenyewe inaisha lini?" Hilo liliulizwa na Namkunda.

"Sijui, mwanangu."

Katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akimwambia mwanafunzi hajui. Alikuwa akisema tutatafuta, uniulize kesho. Siku ile hakutaja kesho.

"Basi chimba tu, Mwalimu," Elisante akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti.

Nilimvuta, nikaomba, nikalia. Hakuna aliyenizuia wala aliyenitazama. Kisha jua likaanza kupenya, ukungu ukapanda, nao wakaondoka na ukungu. Ndiva ikabaki kama ilivyokuwa, magugu matupu, hakuna udongo uliosogezwa popote, isipokuwa pale aliposimama mume wangu. Pale palikuwa na shimo la kufika magotini, naye alikuwa bado anachimba. Ilinichukua muda mrefu kumfikisha nyumbani.

Nilikwenda kwa mzee anayetunza pembe. Aliniambia pembe iko darini na haijashushwa. "Mama Nakijwa, nani kakuita, usingizi?" Waliokuwepo wakacheka. Nikarudi.

Jumatatu Mwalimu alikwenda shule. Aliandika hesabu ubaoni, akageuka, akawatazama watoto wa darasa la tatu, akaweka chaki chini. Walikaa naye hivyo mpaka kengele ya mchana. Mwalimu mkuu alipomuuliza, alisema hawezi kuwaahidi watoto kitu asichokijua. Wakamwombea likizo, kisha wakubwa wa wilaya kule Same wakampumzisha kabisa. Tulimpeleka hospitali. Hawakuona ugonjwa. Tulimwombea kanisani.

Yeye kila siku ya ukungu alichukua jembe. Nilimfungia mlango, akatokea dirishani. Nililificha jembe, akaenda na mikono. Nakijwa alikuja kutoka Ndungu na mtoto mgongoni, akampigia baba yake magoti pale ukingoni, amsihi arudi. Baba akamwambia asogee kidogo, anazuia njia ya udongo. Siku ya mwisho tulimkuta amelala ndani ya shimo lake, tope limekauka mpaka viwikoni. Tulimzika kwa heshima. Shule nzima iliimba.

Mimi bado naishi nyumba ileile. Ukungu ukishuka, pembe hulia, na baadaye nasikia majembe. Nimetega sikio miaka yote hii, nikitumaini walau kumsikia anawafundisha huko. Ningesikia hivyo, ningefarijika. Hafundishi. Anachimba.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiitwa kazini kwenye ukungu, uliza kwanza nani anaita. Watakuita mvivu, nawe waache wakuite. Mvivu akifa hupumzika.