Akidi Tuliyoifuata kwa Miguu

Waliponichagua kuingia halmashauri ya kijiji, nilidhani kazi itakuwa kusema. Kusema ninajua, muulize mume wangu. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kukaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji tukisubiri wenzetu, na tusipofika nusu ya wajumbe tunarudi nyumbani, kwa sababu bila akidi kikao si kikao.

Mimi nilikuwa na ajenda moja tu. Chemchemi ya kitongoji chetu, ambako tunachota maji ya kunywa, ng'ombe walikuwa wanaiingia mpaka katikati. Ukichelewa unachota tope na mkojo. Binti yangu mdogo alikuwa ametoka kulazwa kwa homa ya matumbo, na daktari aliponiuliza tunakunywa maji gani niliona aibu kumjibu. Nilitaka chemchemi izungushiwe uzio, na chini yake ijengwe mbirika ya kunyweshea ng'ombe. Kata ilishatuahidi saruji, ila ilitaka kwanza uamuzi wa halmashauri yetu.

Kikao cha kwanza kikavunjika. Cha pili nacho kikavunjika. Watu walikuwa kwenye palizi ya maharage, wengine wamekwenda mnadani Nyakahura. Kikao kilichofuata nilipita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, nikiwatoa wajumbe mashambani na majembe yao. Walinuna, lakini walikuja. Mtendaji wa kijiji akahesabu, akarudia kuhesabu, akakuna kichwa. Tulipungua mmoja.

Huyo mmoja tulimjua wote. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia kwetu zamani kutoka Shinyanga, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote tukiunganishwa, na ng'ombe hao ndio waliotuchafulia maji. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa safarini. Alijua tu kwamba asipokuja, hakuna kitakachoamuliwa.

"Basi tuahirishe," mwenyekiti akasema, kofia tayari iko mkononi.

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikasema sheria inataka wajumbe, haikutaja benchi. Kama mjumbe hataki kuja kwenye kikao, kikao kiende kwake. Mtendaji akafikiri, akasema mwenyekiti akiridhia na wajumbe wote wakijua mahali, yeye hana neno. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyeanika mahindi halafu akasikia radi. Kisha akavaa kofia yake, tukaondoka.

Tulimkuta mzee ameketi uani kwake anasokota kamba ya ndama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mama." Akatutazama tulivyojipanga. "Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna kikao."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Lakini wageni ni wageni. Wake zake walitoa vigoda, wakatupitishia maziwa mgando, naye akasogea akakaa kati yetu. Mtendaji alihesabu kimyakimya kwa kidole. Akasema akidi imetimia.

Nilisema yote niliyokuwa nimeyatunza tangu hospitali, na niliyasema kwa ukali. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuniingilia.

"Mama, hata wajukuu zangu wanakunywa maji hayo," akasema. "Mbirika sikuikataa. Lakini mnataka kuiweka kule chini, na kufika huko lazima ng'ombe zipite. Kushoto mashamba, kulia mashamba. Zikila mhogo wa mtu mtaniita ofisini. Nikija kwenye kikao chenu mtanishinda kwa kura, na swali langu litabaki palepale. Sasa aniambie mtu hapa, zipite wapi?"

Wajumbe kadhaa walikuwa na mashamba huko, na kila mmoja aligeukia kikombe chake. Mimi bado nilikuwa nimemkasirikia yule mzee, na nilizidi kukasirika kwa sababu alikuwa na haki. Katika kelele zangu zote za miezi ile sikuwahi kwenda kumuuliza.

Shamba la kulia lilikuwa langu. Nililinunua kwa maharage yangu mwenyewe, msimu baada ya msimu, na mhogo uliokuwamo ulikuwa bado haujakomaa. Nilimkumbuka binti yangu akiwa na dripu mkononi, ananiuliza kama tutarudi nyumbani.

"Wapite kwangu," nikasema. "Ukingoni, upana wa ng'ombe watatu. Na uzio wa hiyo njia utauweka wewe, baba."

Mzee akaiokota tena kamba yake ya ndama. "Nitauweka," akasema.

Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono yote ikanyooka, ukiwemo wa mzee. Wengine walibaki kumalizia maziwa. Mimi nilikwenda moja kwa moja shambani na jembe la kuazima, nikaanza kung'oa mhogo mchanga ukingoni, kabla sijapata nafasi ya kujuta.