Kikombe Hakivuki Kizingiti

Fundi cherehani yule alikuwa mbishi. Mumewe, mshona viatu, alishazoea. Lakini safari hii ubishi ulimfika shingoni.

Daktari alimweleza mume kinagaubaga. Vitezi vya shingoni mwa mkewe vimepata wazimu: vinakwangua kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu. Ndiyo maana viungo vinauma, na figo zinaota mawe. Tiba hasa ni kisu, ila moyo wake hautahimili nusukaputi. Basi ameze kidonge cha kuvituliza, pamoja na chakula. Atembee. Na anywe maji mengi.

"Figo zikifa, mzee, sitakuwa na la kufanya."

Kidonge alimeza, akilalamika kichefuchefu. Maji ndiyo yakawa vita.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na sheria: kikombe hakivuki kizingiti. Alishona magauni meupe ya maharusi. Tone moja, doa. Doa moja, kilio.

"Toka basi unywe, mama."

"Nikimaliza pindo."

"Pindo gani? La tangu jana?"

"Wewe ukishona soli, mimi nakusimamia kichwani?"

Mzee alikwenda na jagi, akarudi na jagi. Alibembeleza. Akanuna. Akafoka.

"Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Na lako je? Nasema ondoka mlangoni, husikii."

Cherehani ikaendelea kulia.

Asubuhi moja jiwe likamkamata ubavuni. Akajikunja juu ya gauni la watu, jasho likimtiririka. Tone likadondoka kifuani pa gauni. Mzee akamshika, yeye macho kwenye doa tu.

"Umeona?" mzee akasema. "Hilo nalo nimelileta mimi?"

Alipopata pumzi akasema, "Kaweke jagi lako kule getini. Nitalifuata mwenyewe."

Akalifuata. Kila pindo likiisha, huyo getini, anakunywa akiguna. Kalsiamu ikashuka, daktari akamsifu: maji anakunywa, na kutembea anatembea.

"Unaona?" akamgeukia mumewe. "Ulikuwa unaweka maji mahali pasipo pake."

Mzee akarudi nyumbani kujaza jagi.

Mwishowe moyo ndio uliomchukua. Figo zilikuwa nzima.

Jagi bado liko getini. Mzee hulijaza asubuhi, jioni akalimwaga, akisonya.

"Mbishi yule," husema. "Hata leo hajanywa."