Kisu cha Mzee wa Kabalo

Jumatatu asubuhi nilikuwa bironi, ofisini kwangu, nikitia sahihi barua wakati mhudumu wetu aliponiambia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua, kwamba yule karani wa tikiti pale stesheni amefariki. Alianguka Jumapili akitoka misa, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa ameshakwenda. Wasomaji wengi wa Kalemie mlimwona bila kumjua: yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekaa miaka mingi nyuma ya dirisha la nondo akiwaandikia tikiti. Wachache walijua kwamba alikuwa akitengeneza visu vya kuwindia. Mimi nilijua na jambo la tatu, ambalo sijapata kumwambia mtu, na ninaliandika leo kwa aibu.

Visu havikuwa riziki yake. Riziki yake ilikuwa pale dirishani. Visu vilikuwa furaha yake ya Jumamosi, nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati alipoweka kipande cha reli kuukuu cha kufulia chuma, mivukuto ya ngozi na tupa zake zilizopangwa juu ya gunia. Chuma alikitoa katika resori za kamyo, yaani springi za malori, zilizokufa. Alikipasha moto, akakigonga mpaka kikapata umbo, akakizamisha kikiwa chekundu ndani ya mawese, kisha akakirudisha kwenye joto polepole mpaka uso wake ukageuka rangi ya nyasi kavu. “Hapa njo penye kazi,” aliniambia siku moja. “Ukipitisha kidogo, kisu kinakuwa laini kama kijiko. Usipofika, kinavunjikia ndani ya mufupa.” Baada ya hapo zilifuata siku nyingi za tupa na jiwe. Hakumtengenezea mtu asiyewinda, wala hakuanza kazi kabla ya kuupata mkono: mwindaji aliweka kiganja juu ya karatoni ya boksi, kikachorwa kwa kalamu, na mpini ukafuata mchoro ule. Mikono ya namna hiyo ilijaa ukutani kwake, ya watu wa Ankoro, wa Moba, na zaidi ya watu wa Kabalo.

Baba mkwe wangu alikuwa mwindaji wa Kabalo, na ncha ya kidole chake cha shahada iliwahi kukatwa na mtego. Aliposikia sifa za visu hivyo aliniomba kimoja. Nilipokwenda kumsalimu nilimchora mkono, nikauleta. Karani aliitazama ile karatoni, akagusa mchoro wa kidole cha shahada.

“Kidole hiki ulikosea kuchora, ao njo kiko hivi?”

“Njo kiko hivi.”

“Basi tutamutafutia pa kukiweka.”

Baada ya wiki tano aliniita. Mpini ulikuwa wa pembe ya mbawala, na mahali pa kidole cha shahada alikuwa amechonga kishimo kifupi, laini kama ndani ya chaza. Nilipokishika mimi, mwenye vidole vyote kamili, kilinikataa. Alicheka kwa furaha. “Umeona? Hiki kinamungoja mwenyewe.”

Juma lile lile direkta wetu alifika kutoka Kinshasa kukagua kazi. Kiti cha mkuu wa idara kilikuwa wazi, nami nilikitaka kuliko ninavyoweza kueleza hapa bila kujidharau. Nilikuwa nimesikia kwamba direkta anapenda kuwinda. Kwenye mapokezi, wenzangu walipompa vitambaa na samaki wa kukausha, nilisogea na abakosti yangu mpya, ile suti isiyo na tai, nikamkabidhi kisu cha baba mkwe. Alikichomoa katika ala, akakigeuza kwenye mwanga, akajaribu makali kwa ukucha. “Hiki kinatoka wapi?” akauliza. Jibu lilikuwa neno moja, nalo ni jina la mji wetu. Mimi nikasema, “Ubelgiji, Sitwayeni Direkta. Nilikiagiza.” Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akakikamata vizuri, kidole chake kikahangaika kutafuta pa kukaa. “Sijui wazungu wale wanapima mikono ya nani,” akasema. Tukacheka wote, na mimi nilicheka zaidi.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Tulikuwa tumeshavua tai za wazungu na majina yao, tukaitana sitwayeni, yaani raia, na katika kila mkutano tulisifu vitu vya kwetu mpaka sauti zikakauka. Lakini siku mtu alipotaka kumheshimu mkubwa kwa dhati, alimtafutia kitu cha Ulaya, na kama hakuwa nacho, alikipa kitu cha nyumbani jina la Ulaya. Sikusema uongo kwa sababu kisu kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri mno hata nikaona kwamba nikisema kimetengenezwa mtaa wa pili na karani wa tikiti, uzuri wake utapungua mbele ya macho ya yule mtu. Na labda ungepungua kweli. Ila haikuwa kazi yangu kuupunguza.

Direkta aliondoka kwa treni siku ya tatu, kisu kikiwa kiunoni, na aliyempa tikiti dirishani ni karani. Nilikuwa nyuma, nimebeba mkoba wa mgeni. Niliona macho ya karani yakishuka hadi kwenye ule mpini wa pembe, yakakaa hapo, kisha yakarudi kwenye karatasi. Aligonga muhuri akasema, “Safari njema.” Hakunitazama.

Cheo nilikipata. Kwa baba mkwe nilituma maneno kwamba fundi bado hajamaliza; miezi ikapita, nikatuma tena maneno yale yale. Mwishowe mzee akaja Kalemie kumwona mke wangu, akashuka kwenye treni, na kabla sijapokea mzigo wake akauliza, “Yule muntu wa visu anafanya kazi hapa, si njo vile?” Sikuweza kumzuia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, mimi nyuma yake.

“Mwanangu,” mzee akasema, “mimi njo yule wa kidole. Mukwe wangu ananiambia kila siku kisu hakijaisha. Kuna shida gani?”

Karani aliutazama mkono wa mzee uliokuwa umeshika nondo. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema. Nakumbuka mwanamke mmoja nyuma yetu aliweka chini kikapu chake, akakiinua tena, na mimi nilikuwa bado sijafungua mdomo.

“Nilichelewa, Papa,” karani akasema. “Kosa ni yangu. Unisamehe. Utakaa siku ngapi?”

Alitengeneza kingine katika majuma mawili ambayo mzee alikaa kwetu, akifanya kazi kila jioni baada ya kufunga dirisha. Mzee alikipenda, akakitumia mpaka kufa kwake. Lakini kule Kabalo, kila alipokichomoa, alisimulia kwa kicheko jinsi fundi wa Kalemie alivyomzungusha karibu mwaka mzima. Wawindaji wakasikia. Mikono ya Kabalo ikaacha kuja, na mtu aliyekuwa akiwasha moto kila Jumamosi akawa anauwasha mara moja kwa mwezi, halafu mara chache zaidi. Nilimfuata siku moja nikiwa nimejikaza.

“Ndugu, kile kisu cha kwanza...”

“Kilikuwa kizuri?”

“Kilikuwa kizuri sana.”

“Basi,” akasema, akaendelea na tupa yake. Nililichukua neno lile kuwa msamaha, kwa sababu ndivyo nilivyolihitaji liwe.

Kwenye matanga, Jumanne, mgeni mmoja kutoka Kabalo alimsifu marehemu kwa mikono yake, kisha akaongeza kwa upole kwamba ahadi tu ndizo zilizomshinda, na watu wakatabasamu. Mjane aliinamisha kichwa. Nilikaa viti viwili kutoka kwake, nikanyamaza tena. Nilirudi kesho yake asubuhi, watu wakiwa wachache, nikamweleza mjane yote. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja kitenge magotini.

“Najua, Papa,” akasema. “Aliniambia siku ile ile yule mukubwa alipanda treni na kisu. Alikuwa anasema, wewe mwenyewe utakuja kumwambia muzee, tukuache tu. Muzee akakufa. Hata hapo alikuwa anasema utakuja kusema kweli.” Akanyoosha kile kitenge. “Mwaka huu njo aliacha kusema.”

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa: jina jema la mtu linaweza kuharibiwa na mwingine kwa kukaa kimya tu, na anayeungama baada ya mazishi anajipunguzia mzigo yeye, marehemu hapati kitu. Kwa hiyo haya ninawaandikia wawindaji wa Kabalo, mnaosoma na mtakaosomewa. Kisu cha mzee kilikuwa tayari baada ya wiki tano. Aliyechelewa ni mimi.