Jiwe la Konokono Haliingii Kwenye Msingi

Leo nimemwambia mwalimu "hapana" mbele ya shule nzima, na bado niko hai.

Mnajua kila mmoja wetu aliagizwa jiwe kwa ajili ya msingi wa ghala.
Mimi nilipeleka langu.
Lakini kiranja wa bweni akaona jingine chini ya kitanda changu, akalitupa kwenye rundo la kupondwa.

Jiwe hilo nililiokota nyumbani, Mazingara, huku Handeni mbali na bahari. Ndani yake yumo konokono wa bahari aliyegeuka jiwe.
Nilimchora, nikampima, nikamwandikia mtaalamu wa miamba Dar es Salaam. Amejibu kwamba huenda ni aina ambayo haijaandikwa na mtu yeyote, ila mchoro hautoshi. Lazima amwone konokono mwenyewe.

Nyundo zilikuwa zimeshaanza kazi.
Nikalikalia jiwe langu. (Ndiyo, mimi, ninayetetemeka hata nikisoma darasani.)

"Bahari Handeni, Profesa?" kiranja akacheka. "Au alipanda basi kutoka Pangani?"

Mwalimu wa kazi akaja. "Inuka. Kujitegemea ni kwa wote."

"Shikamoo, mwalimu. Hapana."
(Nilishamwamkia asubuhi. Wote mlicheka.)
"Konokono wote wa vitabuni wameandikwa na wageni. Huyu tumwandike sisi."

Mwalimu akatazama rundo, kisha jua.

"Basi lete mawe matano badala yake, kabla ya jua kuzama."

Nimeleta sita.

Anayeendelea kucheka aandike sababu yake hapa chini ya karatasi yangu. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye ubao huu wa matangazo.
Aweke na jina lake.